Mbio Zimekwisha, Nani Amshike Mwanariadha? Njia Nne za Msaada Zikilinganishwa

Anayerudi na medali hupokelewa uwanja wa ndege wa Eldoret kwa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, nyimbo za akina mama na msafara wa magari hadi kijijini. Aliyemaliza wa tisa huchukua matatu. Nimewaona wa aina zote mbili wiki tatu baadaye, na hali zao zilifanana kuliko nilivyotarajia: usingizi umepotea, simu imezimwa, viatu vya mazoezi viko palepale vilipovuliwa.

Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Baada ya zaidi ya kilomita 42, yeye na Mjerumani Amanal Petros walitenganishwa na sekunde 0.03. Kwa mwanya mwembamba hivyo mmoja huwa shujaa wa taifa na mwingine hurudi kujiuliza maswali miaka na miaka. Na wala tusidhani shujaa amesalimika. Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani mwenye medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu, amesema hadharani kwamba alianguka kwenye sonona baada ya Olimpiki, na kwamba baada ya London 2012 alifika mahali ambapo hakutaka kuishi tena.

Sababu si ya ajabu. Kwa miaka minne kila kitu cha mtu huyu kimeelekezwa kwenye siku moja: saa ya kuamka, chakula, pesa, hata tarehe ya harusi. Siku yenyewe hupita kwa dakika mbili au saa mbili, na kesho yake hakuna kinachomsubiri. Kwetu huongezeka mengine. Ndugu na majirani huamini kwamba kila aliyepanda ndege amerudi na mamilioni. Mkataba wa viatu waweza kupunguzwa kwa barua moja. Mitandao nayo haina huruma: Eliud Kipchoge alieleza mwaka 2024 jinsi alivyoandamwa kwa matusi na vitisho mtandaoni baada ya kifo cha Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzake aliyekuwa mshika rekodi ya dunia ya marathoni, hadi akahofia usalama wa familia yake. Miezi michache baadaye, tarehe 10 Agosti, akitafuta dhahabu ya tatu mfululizo ya marathoni ya Olimpiki, alijitoa njiani jijini Paris, akawagawia mashabiki viatu vyake.

Ninawaandikia makocha, wake, waume, wazazi na wanariadha wenyewe ambao wameshaona kuna jambo, lakini hawajui waende wapi kwanza. Njia zinazopatikana kwetu ni nne: kocha na kambi, wanariadha wenzake, mtaalamu wa afya ya akili, na simu za msaada.

Tuzipime kwa nini?

Kipimo cha kwanza kwangu ni mamlaka. Anayesikiliza ana nguvu gani juu ya anayesema? Je, anachagua kikosi? Anashika pesa zake? Anaishi naye nyumba moja? Siri haivunjwi na mdomo mpana peke yake. Inavunjwa pia pale ambapo ukweli wa mtu unaweza kumpunguzia nafasi au mshahara, naye akalijua hilo kabla hajafungua kinywa.

Kipimo cha pili ni uzito: njia hii inaweza kubeba huzuni ya wiki moja tu, au inaweza kubeba ugonjwa? Cha tatu ni gharama na umbali. Cha nne ni kudumu, maana mshuko wa baada ya mashindano hauji siku ya kwanza. Siku za kwanza kuna sherehe, au kuna hasira, na vyote viwili hufunika. Ukimya huja wiki ya tatu au ya nne, wapiga picha wakiwa wameshaondoka.

Kocha na kambi

Kocha huona hatua zimebadilika kabla mwanariadha hajasema neno. Kocha aliyewahi kukimbia huona zaidi. Patrick Sang, anayemnoa Kipchoge, alipata medali ya fedha katika kuruka viunzi na maji Tokyo 1991, Barcelona 1992 na Stuttgart 1993, na mara zote tatu aliyekuwa mbele yake ni Mkenya mwenzake. Mtu kama huyo hahitaji kuelezwa nafasi ya pili ina ladha gani.

Ninapotaja kambi simaanishi kocha ageuke daktari. Namaanisha kambi iwe na utaratibu wa kumteremsha mwanariadha taratibu. Waingereza wana mpango wa hatua nne: mazungumzo mafupi mara tu baada ya shindano kuhakikisha mtu yuko salama na ana pa kwenda; kisha muda wa kukaa na watu wake bila kuulizwa matokeo; kisha kikao cha kuzungumza yaliyomo moyoni; na mwisho kabisa, tathmini ya mbio zenyewe. Wengi wetu huanza na hiyo ya mwisho. Tunamuuliza kwa nini aliachwa mzunguko wa mwisho ilhali bado ana namba kifuani.

*Siri na mamlaka.* Hapa ndipo njia hii inapoyumba. Kocha ndiye anayeamua nani abaki kambini, kwa hiyo jibu la kawaida ni "niko sawa, kocha." Kijana mmoja niliyemnoa aliniambia hivyo kwa mwezi mzima, nami nikaamini, kwa sababu lilikuwa jibu nililotaka kulisikia. Alikuwa halali. Nilikuja kujua kupitia mtu mwingine, na mpaka leo linaniuma.

*Uzito.* Uchovu, aibu, kukosa mwelekeo: kambi inaweza. Sonona kamili, hapana. Lakini kuna kazi moja ambayo kocha anaweza kuifanya mapema kuliko wote, nayo ni kumpeleka mwanariadha apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma, kula kidogo kuliko mwili unavyotumia, mazoezi yaliyopitiliza, na hata malaria, vyote huleta uchovu na moyo mzito unaofanana sana na huzuni.

*Gharama na umbali.* Karibu bure, na yupo pale pale.

*Kudumu.* Kwa muda wote ambao mwanariadha yuko kambini. Akiondolewa kwa kushuka kiwango, msaada hukatika wakati anauhitaji kuliko siku zote.

*Inamfaa nani?* Kijana anayerudi kutoka mashindano yake makubwa ya kwanza, mwenye uhusiano mzuri na kocha, ambaye tatizo lake ni kutojua siku zinazofuata zipangwe vipi.

Wenzake

Baada ya Agnes Tirop kuuawa nyumbani kwake Iten, mji wa wanariadha nchini Kenya, Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani, wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels. Wanawasaidia wanawake waliopitia ukatili, na wanaofanya hivyo ni watu wanaojua kambi, mikataba, na maisha ya mwanamke anayelisha ukoo mzima kwa miguu yake. Hiyo ndiyo nguvu ya wenzake. Huhitaji kutafsiri maisha yako.

Lakini si lazima liwe shirika. Mzee aliyestaafu mbio anayekubali kutembea nawe saa moja asubuhi, mara mbili kwa wiki, ni njia hii hii. Nimeona wanaume waliokataa kabisa neno "ushauri nasaha" wakiyatoa yote kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu ya kutembea bega kwa bega bila kutazamana usoni.

*Siri na mamlaka.* Mwenzako hana mamlaka juu yako, na hilo ni jema. Lakini Iten ni mji mdogo. Kinachosemwa asubuhi kwenye njia ya mazoezi hufika hotelini kabla ya chai ya saa nne. Tena mwenzako wa leo anaweza kuwa mpinzani wako wa majaribio ya taifa kesho. Kwa hiyo chagua wa umbali mwingine, au aliyestaafu.

*Uzito.* Hubeba aibu vizuri kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu aibu hupungua unapogundua kwamba yule shujaa wako naye alilia. Haibebi mawazo ya kujidhuru. Vilevile kundi lisilo na mpangilio laweza kugeuka kundi la pombe, na pombe humzidishia mtu huyo maumivu anayodhani inayapunguza.

*Gharama na umbali.* Bure, na karibu.

*Kudumu.* Hii hushinda. Urafiki haukomi na msimu.

*Inamfaa nani?* Anayeona aibu, anayestaafu, na mwanamke ambaye shida yake iko ndani ya nyumba na anahitaji watu watakaomwamini kabla ya kumuuliza ushahidi.

Mtaalamu

Tuanze na majina, kwani watu huyachanganya. Mshauri nasaha husikiliza na kukusaidia kupanga mawazo. Mwanasaikolojia amesomea akili na tabia, na hutibu kwa mazungumzo yenye mbinu maalumu. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili anayeweza kuandika dawa na kulaza. Kwenda kwa daktari si dalili ya wazimu, kama vile kwenda kwa daktari wa mifupa si dalili ya ulemavu. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa katikati ya Olimpiki ya Tokyo kwa ajili ya afya yake ya akili, akaendelea kumwona mtaalamu wake, akarudi Paris 2024 na kubeba dhahabu tatu na fedha moja. Asubuhi ya fainali ya timu alikuwa ameshazungumza na mtaalamu wake.

*Siri na mamlaka.* Maadili ya kazi yake yanambana atunze siri, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Ndiyo siri imara kuliko zote nne. Lakini uliza swali moja kabla ya kikao cha kwanza: nani analipa, na je, anayelipa atapata ripoti? Mtaalamu aliyeletwa na shirikisho au meneja anaweza kuwa mwema kabisa, ila mwanariadha ana haki ya kujua karatasi yake inaishia mezani kwa nani.

*Uzito.* Hubeba yote. Na kwa kuwa dawa huwatisha wanariadha wanaopimwa kila mara: dawa zinazotumika sana kutibu sonona hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Baadhi ya dawa za kutibu upungufu wa umakini zimo wakati wa mashindano, na hizo zinahitaji kibali maalumu cha matibabu kabla hujazimeza. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba unapimwa. Hatari kubwa iko kwenye chupa za mitishamba zisizo na maandishi ambazo jamaa hukuletea kwa nia njema.

*Gharama na umbali.* Ndiyo njia ghali zaidi. Kutoka Iten hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 30, na kwa vikao sita nauli peke yake ni mzigo kwa asiye na mkataba. Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret na Mathari jijini Nairobi zina huduma hizi, na kwa Tanzania zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma. Wanaoyaelewa maisha ya michezo ni wachache. Kikao cha kwanza kinaweza kuishia kumweleza mtu kwa nini kushindwa kufika fainali kwa sekunde moja si jambo dogo. Vumilia kikao hicho. Cha pili huwa tofauti.

*Kudumu.* Hutegemea mfuko na ratiba. Anayesafiri kila mwezi apange vikao vya simu na mtaalamu yule yule, badala ya kuanza upya kila mji.

*Inamfaa nani?* Yeyote ambaye dalili zimedumu wiki mbili mfululizo au zaidi: usingizi, chakula, kukosa raha na vitu alivyovipenda, kujitenga, pombe, hasira isiyo na sababu.

Simu za msaada

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeweka simu ya msaada iitwayo Mentally Fit Helpline kwa wanaolimpiki, inayofanya kazi saa 24, kwa lugha zaidi ya 70, na haifungwi michezo inapoisha. Wengi waliokwenda Paris kutoka kwetu hawaijui, au waliisikia siku moja kijijini kwa wanamichezo wakaisahau. Kwa asiyefika Olimpiki, Msalaba Mwekundu wa Kenya unapokea simu kwa namba 1199, na kwa ukatili wa kijinsia kuna 1195.

*Siri na mamlaka.* Hakuna anayekuona ukiingia mlangoni, na asiyekujua hawezi kukuondoa kikosini. Angalia tu simu yenyewe. Kama meneja ndiye mmiliki wa laini au mume anapekua simu kila jioni, siri hiyo haipo.

*Uzito.* Kwa saa ya dhiki, ni bora kuliko zote, kwa kuwa saa tisa usiku kocha amelala na hospitali iko mbali. Kwa matibabu ya muda mrefu haitoshi.

*Gharama na umbali.* Hapa haina mpinzani, mradi kuna mtandao.

*Kudumu.* Ni dhaifu. Kesho unaweza kupokelewa na mtu mwingine na kuanza hadithi mwanzo.

*Inamfaa nani?* Aliye ughaibuni peke yake hotelini, aliyeshindwa kumtazama mtu usoni, na anayetaka kujaribu kusema kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Na familia je?

Utashangaa sikuiweka kama njia ya tano. Familia na ibada vimewashika wanariadha wengi kuliko hizo nne kwa pamoja. Padri, imamu au nyanya anayekaa na mtu bila kumhukumu ni tiba ya kweli. Lakini nyumba si salama kwa kila mtu, na wiki za baada ya mashindano ndizo ambazo pesa na umaarufu huchochea ugomvi. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Paris tarehe 11 Agosti 2024, akamaliza wa 44. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans-Nzoia, na mtu aliyekuwa mpenzi wake. Alifariki siku nne baadaye. Ndiyo maana, kabla ya kumwambia mwanamke arudi nyumbani akapumzike, muulize akiwa peke yake: nyumbani kuko salama?

Uchague ipi, kwa hali ipi?

Amerudi na medali, ana furaha, lakini simu hazikomi na kila mtu anataka mchango: mtafutie mkongwe aliyeshinda kabla yake, amfundishe kusema hapana, kisha kambi imlindie wiki chache za ukimya. Usimsubiri aanguke. Samuel Wanjiru alikuwa na miaka 21 alipoipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake Nyahururu, akiwa na miaka 24. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kilichokuwa moyoni mwake usiku ule, nami sitajaribu. Ninachosema ni kwamba ushindi katika umri ule unahitaji watu wazima karibu.

Ameshindwa, amekasirika, hataki kuongea: anza na mwenzake wa kutembea naye, na kocha akae kimya kuhusu mbio kwa muda. Zikipita wiki mbili bila nafuu, mtaalamu. Si lazima kuacha kimoja ili kupata kingine. Anaweza kutembea na mzee asubuhi na kumwona daktari mchana.

Ameumia, au anastaafu: hapa mtaalamu na wenzake waende pamoja tangu mwanzo, maana anachopoteza ni jina ambalo kijiji kizima kimemwita.

Hana pesa na yuko mbali: simu leo, kisha zahanati ya karibu imwandikie rufaa. Usiruke hatua ya rufaa ukidhani simu imemaliza kazi.

Anazungumzia kufa, anagawa vitu vyake, au anaaga watu bila safari: usilinganishe tena njia. Usimwache peke yake, ondoa kinachoweza kumdhuru, mpeleke hospitali usiku huo huo. Wengi Kenya waliogopa kufanya hivyo kwa sababu kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Na kama bado hajasafiri, wakati ndio huu. Kaeni naye kabla ya kambi ya mwisho, aandike kwenye karatasi majina mawili ya watu atakaowapigia akirudi, mmoja wao asiye na mamlaka yoyote juu ya mbio zake. Kisha weka alama kwenye kalenda wiki ya tatu baada ya fainali, na siku hiyo nenda umtembelee hata kama amekuambia yuko sawa.